Dokta Aliyechagua Usingizi

Dokta wetu alilalaga popote. Sisemi kwa ubaya. Nasema kwa sababu ukitaka kumjua yule mtu, lazima uanzie hapo. Alilala kwenye foleni ya bafuni, kasimama, taulo begani, ndoo mguuni, na foleni ikisogea anasogea nayo macho yamefumba. Alilala kwenye karo la kufulia, mikono imezama kwenye povu. Siku moja alilala katikati ya neno. Alikuwa ananiambia, "Ukinywa hii dawa usichanganye na..." akakoroma. Mpaka leo sijui nisichanganye na nini, ndiyo maana nikimeza kidonge nakuwa na wasiwasi hata na maji.

Nyumba yetu iko Chang'ombe, nyuma ya mafundi wa mageti. Vyumba sita vinatazamana, uwani karo moja, bomba moja, bafu moja, siri hakuna. Dokta alipanga chumba cha mwisho, kile kilichobanana na choo, kwa sababu wapangaji wengine wote walishakikataa. Jina lake lilikuwepo kwenye beji, ila hakuna aliyelitumia. Ukiwa daktari kwenye nyumba ya kupanga, jina unaliacha kwenu. Kwao ni Njombe. Hapa alikuwa Dokta, kama bomba lilivyokuwa bomba, na wote wawili walifunguliwa na yeyote, saa yoyote.

Kuna siku alipitiwa na usingizi juu ya kreti la soda, mlangoni kwa Bi Somoe, mwenye nyumba wetu. Mie nilikuwa na kalamu mfukoni. Sasa nyie mngefanyaje? Nikamchorea masharubu, dada wa watu. Mazuri, ncha zimepinda juu kama za yule Mjerumani kwenye kitabu cha historia. Akakurupuka, akaangalia saa, akakimbilia zamu. Akapita wodi nzima ya watoto na masharubu yake, hakuna nesi aliyethubutu kumwambia. Jioni nikajificha nyuma ya tangi la maji, nikijua nimekwisha. Akaingia uwani, akasema kwa sauti bila kunitafuta:

"Aliyenichora ajue leo kuna mtoto kacheka wodini, na hajacheka tangu alazwe. Jumatatu anichore tena. Ila ncha asiniwekee, zinaniwasha."

Huyo ndiye Dokta. Unamvizia umkomeshe, anakupa kazi.

Alikuwa na swali lake. Kila mgonjwa lazima aulizwe, awe wa wodini au wa karoni. Akishamaliza kukukagua ulimi na kukubonyeza tumbo, anakutazama usoni anasema, "Ukipona, utaanza na nini?" Bi Somoe alishajibu, "Nitaanza kupanda ngazi za kwa shoga yangu Temeke, nikamwambie alichonifanyia." Dokta akampa mazoezi ya magoti, na kweli yule bibi alikwenda, akapanda, akasema. Fundi wa mageti anayeishi chumba cha pili, yule mwenye macho mekundu kwa sababu anachomelea vyuma bila miwani, alijibu, "Nitaanza kuangalia mpira." Dokta akamwambia, "Basi vaa miwani, maana ukiendelea hivi utausikiliza redioni." Alisema mtu akikuambia anataka kurudia nini, umeshajua utibu nini kwanza na nini kisubiri.

Mie swali lile lilinikamata vibaya. Nilikuwa kidato cha kwanza, kuna mtihani wa hesabu, nikaamka na tumbo. Nikajikunja, nikalia, Mama akaanza kutafuta khanga ya kunibebea. Dokta akaja na mswaki mdomoni, akanibonyeza huku na huku, akauliza, "Ukipona, utaanza na nini?"

"Chipsi mayai," nikasema. Ilitoka yenyewe.

Akamgeukia Mama. "Huyu ni mgonjwa hewa. Mpeleke shule."

Toka siku hiyo akawa ananiita hivyo. Nikimwambia "Shikamoo Dokta," anajibu, "Marahaba mgonjwa hewa, leo tunaumwa wapi?" Na ukimkuta na furaha, anakusalimia Kibena, "Kamwene!", halafu anacheka mwenyewe kwa sababu hakuna anayejua kumjibu.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alimgombeza Baba kuhusu sukari huku yeye chai yake kijiko kinasimama. Mtu anayepasua jipu huku anaulizia habari za shule, akiona mende anapanda juu ya kitanda na kuniita mie. Jiko la mkaa hakuwahi kuliwasha likawaka. Na aliahirisha mambo, Mungu wangu! Nguo aliziloweka mpaka zikatoa harufu. Miaka yote tuliyokaa naye alikuwa anasema, "Mwaka huu naomba ubingwa." Dirisha la maombi linafunguliwa, linafungwa, Dokta kalala. Wenzake aliosoma nao walishakuwa mabingwa, wengine wanamfundisha kazi, wanamwita "mdogo wangu" wakati alikuwa anawapa majibu darasani.

Halafu akaomba kweli. Hapo ndipo nyumba yetu ikageuka bunge.

Daktari wa kawaida anatibu kila kitu, lakini akienda kusomea ubingwa lazima achague kimoja, kinamkaa maisha. Sasa kwenye nyumba ya kupanga jambo kama hilo huwezi kuliamua chumbani kwako peke yako, nani kakuruhusu? Jioni viti vya plastiki vinatoka, kila mtu na ugonjwa wake. Bi Somoe alitaka Dokta asomee mifupa, kwa ajili ya magoti. Fundi alitaka macho. Baba yangu ni mchongaji, anashinda Mwenge kainamia mpingo tangu asubuhi, yeye alitaka mgongo.

"Mgongo haupo peke yake, baba," Dokta akamwambia. "Uko humo kwenye mifupa."

"Basi mie na Bi Somoe tumeshinda," Baba akasema. "Kura mbili."

Mama hakupiga kura. Mama yangu alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, na kitu hicho hakisemwi uwani mbele ya wanaume. Tulichokuwa tunakiona sie watoto ni khanga tu. Alifua khanga zake peke yake, alfajiri, na akazianika ndani, kwenye kamba juu ya kitanda, ili watu wasizihesabu. Chumba kizima kilinuka unyevu. Nikawa nataniaga kwamba kwetu mvua inanyesha ndani. Yeye anacheka, anakaa chini taratibu, anashika ukuta.

Na kulikuwa na mpiga kura mmoja wa mbali. Baba yake Dokta, mwalimu mstaafu huko Njombe, alikuwa anapiga simu Jumapili baada ya ibada. Dokta anaweka spika juu ya karo huku anafua, kwa hiyo na sie tulishiriki. Mzee alitaka upasuaji, hakuna kingine. Na Dokta mwenyewe alikuwa anaupenda. Alikuwa na mikono hiyo. Viazi vya kwao alivimenya ganda moja refu mpaka mwisho, halikatiki, halafu analining'iniza kwenye sikio langu. Akapata nafasi ya upasuaji, chuo kikubwa hapa hapa mjini, mwajiri katoa ruhusa, ufadhili juu. Kilichobaki ni yeye tu kuthibitisha. Mzee kule hakungoja. Akasimama kanisani akatoa shukrani, gunia la viazi mbele ya madhabahu, akamtangaza bintiye mpasuaji. Usharika mzima ukapiga makofi. Sasa baada ya hapo jaribu kurudi nyuma, tuone.

Wiki hiyo hiyo ndiyo Mama alipangiwa kufanyiwa operesheni.

Baba hakwenda Mwenge. Mama hakula tangu jana yake, kama alivyoagizwa. Tukakaa kwenye benchi la koridoni, mie na mfuko wenye khanga mpya na chupa ya chai ya kunywa akizinduka. Nikawaiga manesi wanavyotembea, Mama akacheka mpaka akajishika tumbo, akasema niache. Jua likapanda, likaanza kushuka. Ndipo Dokta akatoka, na ndala nyeupe za kule ndani, akachuchumaa mbele ya Mama.

"Dada, unarudi nyumbani."

"Nimekosea nini?"

"Hujakosea. Mpasuaji yupo, kavaa glavu. Vifaa vipo, kitanda kipo. Mtu wa kutoa dawa ya usingizi ni mmoja tu leo, na kaletwa mama amekwama na mtoto tumboni. Kaenda huko."

Mama akafikiria. Akasema kwa upole, kama anayetaka kusaidia, "Basi nipasueni hivyo hivyo. Mie nitavumilia. Nimezaa watatu bila sindano."

Dokta hakucheka. Alimshika mikono akabaki hivyo hivyo kachuchumaa, mpaka nesi akaja kumwita.

Jioni akatukuta uwani, Mama anakula ugali wa baridi. Akakaa kwenye karo. Hakulala. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona kakaa na hajalala, ikanitisha. Mie nikiogopa naropoka, kwa hiyo nikaropoka:

"Dokta, ukipona huu ugonjwa wako wa kuchagua, utaanza na nini?"

Nilitegemea anirushie maji. Akanitazama, akamtazama Mama, akarudi kwangu.

"Nitaanza na wanaorudishwa," akasema.

Kesho yake akaomba likizo. Alikwenda kwanza kwenye kile chuo kikubwa alichopata, halafu akapanda basi mpaka bara, kwenye chuo kidogo ambacho sie hatukuwahi kukisikia, wanakosomesha ubingwa wa usingizi. Alivyorudi alitusimulia huku anamenya viazi. Maprofesa hakuwauliza kitu. Alikwenda mgahawani wanakokula marezidenti, hao madaktari walio katikati ya kusomea ubingwa, akaagiza chai, akauliza tu, "Jana ulifanya nini?" Kule kukubwa mmoja akamwambia, "Jana niliona operesheni nzuri sana." Mwingine akasema na yeye aliona, ila kwa mbali, mbele kulikuwa na vichwa. Kule kudogo dada mmoja akasema, "Jana nimelaza watu na nimewaamsha, mwalimu kasimama nyuma yangu kafunga mikono." Akamwuliza, ukikwama unampigia nani? Yule dada akataja jina papo hapo, bila kufikiri. Akamwuliza, waliomaliza hapa wako wapi? Akatajiwa hospitali za wilaya, moja moja, ambako kabla yao watu walikuwa wanarudishwa.

Ganda la kiazi likakatika. Akaliangalia.

"Nimeamua," akasema.

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka kwa mafundi. Fundi akasema, "Yaani uache kisu ukasomee usingizi? Wewe usingizi si unao tayari, bado cheti tu?" Bi Somoe akasema kulaza watu hata hotuba ya mwenyekiti wa mtaa inalaza, na hajasomea. Mie nikasema wagonjwa watamkuta yeye ndiye kalala. Akacheka na sie, akafuta macho, sijui ni kitunguu au nini, maana alikuwa anamenya viazi.

Jumapili simu ikalia. Spika juu ya karo.

"Baba, nimebadilisha. Nakwenda kusomea usingizi."

Spika ikabaki inakwaruza. Tukadhani mtandao.

"Nilishasimama madhabahuni, mwanangu. Nisimame tena niseme nini? Kwamba binti yangu anabembeleza watu?"

"Sema hivyo hivyo, baba."

Mzee akakata. Jumapili iliyofuata hakupiga, wala ile nyingine. Na kule kazini wakamwambia kubadili fani ni kuomba ruhusa upya, na ufadhili nao uangaliwe upya. Ile nafasi ya upasuaji wakampa mwingine. Kwa miezi kadhaa Dokta wetu hakuwa na hiki wala kile. Ndipo nikamwona akiamka kabla ya foleni, anafua nguo ambazo si chafu. Ukimwita anaitika mara mbili. Akaacha hata kuniita mgonjwa hewa. Nikamchorea masharubu kwenye picha yake iliyokuwa mlangoni, hakuyaona. Majibu yalipokuja, kwamba kakubaliwa huko bara na ruhusa imetoka, hakushangilia. Alikaa juu ya kreti la soda akalala palepale, kinywa wazi. Bi Somoe akatuzuia watoto tusipite na ndoo.

Akaondoka. Chumba kile kikarudi kuwa cha kukataliwa.

Mama alipangiwa tena, akarudishwa tena. Mara ya pili ile hakukuwa na Dokta wa kuchuchumaa, alitangaziwa tu kutoka mlangoni. Akasema basi. Akaanza dawa za mizizi, chungu kama adhabu, na mtu akimtajia hospitali anageuza mazungumzo. Khanga zikaongezeka kwenye kamba. Mie nikapanda madarasa, nikapanda na utundu, kwa sababu nyumbani ilibidi mmoja wetu awe anachekesha. Ila Mama nilikuwa namwona. Midomo yake ilikuwa myeupe kama khanga iliyopauka.

Mwaka huu niko kidato cha nne. Asubuhi moja nilikuwa najiandaa kwenda shule, nikasikia ndoo inaanguka bombani. Nikapiga kelele kwa utani, "Nani huyo anamwaga maji ya Bi Somoe?" Alikuwa Mama, kalala kwenye tope, macho yako wazi ila haoni.

Walimlaza. Alipozinduka wakasema safari hii hakuna kusubiri, uvimbe utolewe. Akapangwa. Siku yenyewe, akaja mtu kitandani na kofia ya kijani, kakonda, viatu vimelika upande. Nilimjua kabla hajainua uso, kwa sababu aliegemea kitanda kama mtu ambaye akikosea kidogo tu atalala.

"Kamwene," akasema.

"Dokta!" Mama akajaribu kukaa. Alicheka, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia muda mrefu. "Wewe! Sasa leo sirudishwi."

Chuo chao kinawaleta mjini miezi michache wajifunze visa vigumu, na mwalimu wake kaja nao. Dokta akamwuliza Mama kala lini, ana meno ya bandia, kifua kimewahi kubana. Akamfunua kope, akamgeuza viganja, akamsikiliza moyo muda mrefu kuliko nilivyopenda. Mwishoni akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Dada, ukipona, utaanza na nini?"

Mama hakufikiria. "Nitaanika khanga zangu nje."

Dokta akainama, akaangalia majibu ya damu tena, akatoka kwenda kumpigia mwalimu wake. Mlango wa wodi ulikuwa wazi. Nikamsikia mpasuaji, jamaa aliyesoma naye, anamwambia, "Mdogo wangu, tumejaa leo, mlaze tufanye kazi." Na yeye anajibu, sauti ya chini, neno moja: "Simlazi." Jamaa akaongea sana. Akarudia, "Simlazi. Mpigie mwalimu ukitaka."

Akarudi kwetu. Sikumwacha afungue mdomo.

"Ulisema utaanza na wanaorudishwa!"

"Nilisema."

"Ukaacha upasuaji! Baba yako akakununia! Yote hayo, halafu wewe ndiye unakuja kumrudisha!"

Wagonjwa wakageuka. Mama akasema, "We mtoto, adabu." Dokta akanishika bega.

"Simrudishi nyumbani. Namrudisha kitandani. Kumlaza ni rahisi, hata sasa hivi. Damu ikiwa chini namna hii, kumwamsha ndiko sina uhakika nako. Nitafutieni damu. Mimi siondoki hapa."

Mie umri wangu haujafika wa kuchangia damu. Nilidanganya nina kumi na nane, nikaambiwa niende shule. Lakini Baba alitoa. Fundi wa mageti, anayeshika chuma chenye moto, alizimia alipoiona sindano, wakamlaza, akaamka akauliza kama wameshachukua, akaambiwa bado, akafumba macho akanyoosha mkono. Bi Somoe alikataliwa kwa uzee, akawagombeza wote pale mapokezi, akawaleta wajukuu zake.

Mchana chupa ya kwanza ikaning'inizwa. Dokta akarekebisha mrija, akanionyesha pale tone linapodondoka.

"Mgonjwa hewa, kaa hapa. Angalia hili. Likikatika, au Mama akianza kutetemeka, niamshe. Umesikia? Niamshe."

Kabla sijajibu, kakaa kwenye kiti cha wageni, kichwa ukutani, kalala. Mama akavuta khanga moja kwa mkono usio na sindano, akamfunika magoti. Kwa nje kulikuwa na kelele za watu kuulizia ndugu zao. Kalamu ya shule ilikuwa mfukoni mwangu, na uso wake uko hapo hapo, wazi, hauna ulinzi. Sikuigusa.

Nikaona tone limekaa muda mrefu pale juu bila kushuka. Nikanyanyuka.

"Muache alale," Mama akanong'ona.

"Kasema tone likikatika nimwamshe."

Tukaliangalia wote wawili. Likavimba, likasita, likadondoka.

"Halijakatika," Mama akasema. "Kaa."